Gloria na Waganga wa Maneno

 Wanangu, kisa cha leo ni cha kweli, na wahusika wake walipigwa filamu, kwa hiyo nikitia chumvi mtanikamata.

Mwaka 1964, katika jimbo la California huko Marekani, mwanamke mmoja aliingia katika chumba chenye viti viwili na kamera. Tumwite Gloria, kama anavyoitwa kwenye filamu. Umri wake ulikuwa miaka thelathini hivi, alikuwa ameachana na mumewe si muda mrefu, na nyumbani alikuwa na binti wa miaka tisa. Mtaalamu aliyekuwa akimtibu, Everett Shostrom, alitaka kuwaonyesha wanafunzi wa saikolojia jambo ambalo vitabu hushindwa kulionyesha: mabingwa watatu wa tiba ya mazungumzo, kila mmoja kwa zamu yake, wakikaa na mtu yuleyule mwenye shida ileile kwa muda wa nusu saa hivi. Filamu ikatoka mwaka 1965. Wanafunzi wa unasihi katika vyuo vya nchi nyingi wamekuwa wakiketishwa waitazame tangu hapo.

Tiba ya mazungumzo ni tiba isiyo na sindano wala vidonge. Mtu mwenye dukuduku, huzuni au hofu inayomnyima usingizi hukaa na mtu aliyefunzwa kazi hiyo, wakaongea. Najua mtasema, kuongea tu? Mbona hata bibi anaongea? Subirini kidogo, maana ubishi wote wa leo uko hapo hapo: aongee nani, na aongee vipi.

Shida ya Gloria ilikuwa hii. Siku moja binti yake alimwuliza kama, tangu aachane na baba, amewahi kulala na mwanamume mwingine. Gloria akajibu hapana. Alikuwa amedanganya. Mtoto alimwamini mama yake kwa kila kitu, na tangu jibu lile mama hakuwa na raha. Akisema kweli, mtoto hataumia? Akiendelea kuficha, si ipo siku mtoto atagundua na asimwamini tena? Hilo ndilo swali aliloingia nalo chumbani, na alitaka jibu.

Kabla sijamfungulia mlango mganga wa kwanza, lazima mjue walikotoka. Mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliyetaka kutibiwa kwa maneno alimwendea Sigmund Freud kule Vienna, au wanafunzi wake. Ulilala kwenye kochi, daktari akaketi nyuma ya kichwa chako usimwone uso, ukasimulia ndoto zako na utoto wako, naye akakufafanulia maana yake. Yeye ndiye aliyejua. Wewe ulikuwa wa kufumbuliwa fumbo. Upande mwingine, hasa Marekani, walisimama wale waliosema mambo ya moyoni hayapimiki, tupime matendo tu. B. F. Skinner, mmoja wao, aliwafundisha njiwa kucheza mpira wa meza kwa kuwapa punje kila walipofanya vizuri. Njiwa walicheza kweli. Lakini ukiwa na huzuni, utajisikiaje ukiambiwa kwamba nawe unahitaji punje zako tu?

Katikati ya kambi hizo mbili likazuka kundi la tatu. Abraham Maslow, huyo mwenye ngazi ya mahitaji ya binadamu mnayokaririshwa darasani, aliliita nguvu ya tatu. Mwaka 1961 walianzisha jarida lao la saikolojia ya utu. Msemo wao mkuu, ukiuvua maneno makubwa, ni huu: mtu si mashine, wala si mfungwa wa utoto wake, ndani yake mna uwezo wa kukua, kuchagua na kujirekebisha, na kazi ya mtibu ni kuuachilia uwezo huo. Juu ya hilo walikubaliana wote. Walipofika kwenye namna ya kuuachilia, hapo ndipo ndugu wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Mganga wa kwanza wa Gloria aliitwa Carl Rogers. Alizaliwa mwaka 1902 karibu na Chicago, katika familia ya walokole wa kweli kweli: hakuna dansi, hakuna karata, hakuna pombe. Alipokuwa na miaka kumi na miwili familia ilihamia shambani, na kijana akapenda kilimo cha kisayansi hata akaanza kukisomea chuo kikuu. Baadaye akahamia theolojia huko New York, kisha akavuka barabara, maana chuo cha pili kilikuwa ng'ambo ya barabara tu, akaingia saikolojia. Kuanzia mwaka 1928 alifanya kazi mjini Rochester, kwa miaka kumi na miwili, na watoto wakorofi, walioteswa na waliotelekezwa. Huko ndiko alikokutana na mama mmoja aliyembadilisha.

Mama huyu alikuwa na mtoto wa kiume mtukutu asiyeshikika. Rogers, kwa elimu aliyokuwa nayo wakati ule, alikwisha kuona kiini: mama alimkataa mtoto tangu udogoni. Akajaribu kumwelewesha taratibu, wiki baada ya wiki, kwa lugha ya upole. Hakuna kilichosogea. Mwisho Rogers akamwambia, naona wote wawili tumejitahidi na tumeshindwa, tuachie hapa. Mama akakubali, wakapeana mikono, akaenda zake mlangoni. Alipofika akageuka, akauliza kama pale wanapokea watu wazima. Akarudi, akaketi, akaanza kumwaga yaliyokuwa moyoni: ndoa inavyomtesa, alivyokata tamaa, alivyochoka. Hata neno moja halikufanana na ile historia safi aliyokuwa akiitoa awali. Rogers hakuwa na la kufanya ila kusikiliza. Na baada ya muda, mama alipata nafuu, na mtoto naye akatulia.

Rogers aliondoka na funzo ambalo hakuliacha mpaka alipofariki mwaka 1987: anayeumwa ndiye anayejua panapouma. Akapenda pia kusimulia juu ya viazi vya utotoni mwake. Wakati wa baridi viliwekwa ghalani chini ya nyumba, gizani, mbali na kidirisha kidogo. Huko huko vilichipua machipukizi meupe dhaifu, marefu, yakijinyoosha kuelekea ile nuru kidogo. Hayakuwa mazuri, na yasingezaa kitu, lakini yalikuwa yanajaribu. Kwa Rogers, hata mtu aliyeharibikiwa kabisa anafanya hivyo. Mpe mazingira, atajinyoosha mwenyewe.

Mazingira gani? Alitaja mambo mengi, lakini matatu ndiyo yaliyoshika. Mtibu awe mkweli, asijifiche nyuma ya koti jeupe na cheo. Amthamini aliye mbele yake bila masharti, awe amefanya mazuri au ya aibu. Na aingie katika hisia zake mpaka azione kama mwenyewe anavyoziona, ila asizame humo. Mnaona hakuna ushauri katika orodha hiyo. Rogers hakupenda kuwaambia watu la kufanya.

Sasa mfikirie Gloria amekaa mbele ya mtu huyo, mzee mpole mwenye upara, akiinamia mbele kidogo kumsikiliza. Gloria anauliza: niambie, nikimwambia mwanangu kweli, nitamwumiza? Rogers anasema anaona jinsi jambo hilo linavyomsumbua. Gloria anauliza tena, kwa njia nyingine. Rogers anakiri kwamba hilo ni jambo la ndani sana, hawezi kumjibia, ila yuko tayari kumsaidia alitafute jibu lake. Gloria anakaribia kukasirika. Unamwona kabisa: mimi nimekuja kupata jibu, wewe unanirudishia swali!

Lakini endelea kutazama. Kwa kuwa hapewi jibu, anaanza kujisikiliza. Anasema hata kama angeambiwa afanye nini, kuna kitu ndani yake tayari kinajua. Kwamba anapofuata moyo wake kwa ukweli huwa anajisikia mzima, hata kama jambo lenyewe ni gumu. Karibu na mwisho anamwambia Rogers kwamba angetamani baba yake angekuwa mtu wa kuongea naye namna hii. Rogers anamjibu kwamba yeye anamwona kama binti mzuri. Wapo wataalamu waliomlaumu kwa jibu hilo, wakasema amevuka mpaka. Mimi nadhani lilikuwa jibu la mtu, na Gloria alikuwa na njaa ya jibu la mtu.

Mganga wa pili alikuwa wa moto. Fritz Perls, Myahudi wa Berlin, aliyezaliwa mwaka 1893, alipigana kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, akasomea udaktari na mafunzo ya Freud. Hitler alipoingia madarakani mwaka 1933 alikimbia na mkewe Laura, naye msomi wa fani hiyo hiyo, kwanza Uholanzi, kisha mwaka 1934 wakafika Johannesburg. Ndiyo, Afrika hii hii. Mengi ya tiba iliyokuja kuwa maarufu California yaliota mizizi Afrika Kusini, na kitabu chake cha kwanza kilichapishwa Durban mwaka 1942. Mengi aliyofikiri pale aliyajadili na Laura, ingawa sifa zilimwendea zaidi mume, kama kawaida ya enzi zile.

Mwaka 1936 Perls alisafiri kutoka Afrika Kusini mpaka Vienna kumwona Freud. Kwa maelezo yake mwenyewe, mzee alisimama mlangoni, hakumkaribisha ndani, akamwuliza anarudi lini. Dakika chache, basi. Jeraha hilo Perls alilibeba maisha yote. Nikicheka kidogo mnisamehe: mtu aliyewafundisha wengine kumaliza mambo yaliyobaki viporo moyoni, naye alikuwa na kiporo chake.

Kule kusini Perls alivutiwa na mawazo ya Jan Smuts, aliyeandika mwaka 1926 kwamba kitu kizima ni zaidi ya jumla ya vipande vyake. Huyo Smuts ndiye yule jenerali aliyeongoza majeshi ya Waingereza dhidi ya Wajerumani katika ardhi yetu ya Afrika Mashariki mwaka 1916, Moshi ikaangukia mikononi mwake. Mtu aliyeandika vizuri hivyo juu ya uzima wa vitu aliridhika kuitawala nchi yake ikiwa imegawanywa kwa rangi. Hilo nalo mlikumbuke mnapopima wanafalsafa.

Perls akaiita tiba yake Gestalti, neno la Kijerumani lenye maana ya umbo kamili. Kwake, mtu anaumwa kwa sababu amejikata vipande: hasira amezifungia huku, aibu kule, machozi kwingine, kisha anatembea na tabasamu la kuazima. Tiba ni kuvirudisha vipande pamoja, na mahali pa kufanyia ni hapa na sasa. Hakutaka hadithi ndefu za jana. Alitazama mguu unaotikisika, mkono unaokunja ngumi, sauti inayopanda.

Gloria akakaa mbele yake, akamwambia anaogopa. Perls akamkata palepale: unasema unaogopa, mbona unatabasamu? Haamini, akasema, mtu anayeogopa hatabasamu. Gloria akajitetea, akachanganyikiwa, akacheka tena, akabanwa tena. Perls akamwambia anajifanya. Akamrudisha kwenye kila ishara ya mwili, mpaka Gloria akapandwa na hasira za kweli, akamkabili usoni. Na Perls akafurahi! Kwake hilo ndilo lililotakiwa: binti aliyekuwa akijikunyata pembeni na kungoja aokolewe, sasa amesimama na kupigana.

Wanafunzi wengi hushtuka wanapoiona sehemu hiyo. Wengine humchukia Perls kabisa. Lakini tumtendee haki. Anachokataa ni kumhurumia mtu hadi abaki mtoto. Anaamini una miguu, basi simama.

Bingwa wa tatu, Albert Ellis, si wa ukoo huu hasa, kwa hiyo nitampita haraka. Yeye alibishana na mawazo ya Gloria kwa hoja, kama wakili: nani amekwambia kwamba usipokuwa mkamilifu wewe ni mbaya? Njia yake imezaa matunda mengi, lakini hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Haya, nani alishinda? Baada ya vikao vyote Gloria aliulizwa nani alimsaidia zaidi. Akamtaja Perls. Naam, yule aliyemtikisa.

Hadithi ingeishia hapo tungesema mkali ndiye bora. Lakini muda una ushahidi wake. Gloria alipokuja kuitazama filamu baadaye, alikasirishwa na jinsi alivyojiachia mikononi mwa Perls na kumtii. Kwa upande mwingine, aliendelea kuwasiliana na Rogers na mkewe kwa barua, miaka nenda miaka rudi, akiwapasha habari za maisha yake mazuri na mabaya, mpaka alipofariki mwaka 1979. Rogers aliandika kuhusu hilo mwaka 1984. Kikao cha nusu saa kilizaa uhusiano wa miaka kumi na mitano. Mimi sidai kwamba hilo linathibitisha kitu kwa hesabu. Mtu mmoja si utafiti. Ila linanifanya niwe mwangalifu na furaha ya mlangoni, ile anayotoka nayo mtu kwenye chumba cha mtibu na kusema leo nimepona.

Yuko na wa tatu katika ukoo huu, ambaye hakuwamo kwenye filamu, na bila yeye ulinganisho wetu utachechemea. Viktor Frankl alizaliwa Vienna mwaka 1905. Bado kijana, mwishoni mwa miaka ya 1920, alianzisha vituo vya ushauri wa bure kwa vijana wa mji huo, kwa sababu vijana wengi walikuwa wakijiua, hasa siku za kutolewa ripoti za shule. Mwaka 1930 aliandaa kampeni maalumu wakati wa ripoti, na maelezo ya maisha yake yanasema kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuna mwanafunzi aliyejiua katika kipindi hicho. Wanangu, nyinyi mnaojua siku ya matokeo inavyokuwa, huyu mtu alikuwa wenu.

Kisha vita. Frankl alikuwa Myahudi. Mwaka 1942 yeye, mkewe na wazazi wake walipelekwa kwenye kambi ya Theresienstadt, na mwaka 1944 akahamishiwa Auschwitz. Muswada wa kitabu chake, alioushonea ndani ya koti, ulipotea siku ya kwanza pale, pamoja na koti lenyewe. Alipokombolewa Aprili 1945 alikuja kujua kwamba mkewe, mama yake na kaka yake wote walikwisha kufa. Baba alifia kambini mapema. Mwaka uliofuata akachapisha kitabu kuhusu aliyoyaona, na tiba yake ikajulikana duniani: tiba ya maana, au logotherapia. 

Siku moja daktari mzee alimwendea. Mkewe alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, naye alishindwa kuinuka katika huzuni. Frankl hakumrudishia maneno yake kama Rogers, wala hakumtikisa kama Perls. Alimwuliza swali moja: ingekuwaje kama wewe ungetangulia, yeye akabaki? Mzee akasema, lo, kwake ingekuwa mateso makubwa. Frankl akamwambia: basi mateso hayo umemwepusha, ila wewe ndiye unayeyalipia kwa kubaki na kumlilia. Mzee hakusema kitu. Akampa mkono, akaondoka ametulia.

Huzuni haikuisha. Mke hakurudi. Kilichobadilika ni kwamba maumivu yalipata kazi ya kufanya.

Hapo ndipo Frankl anapoachana na ndugu zake. Rogers na Perls, kwa tofauti zao zote, wanakuelekeza ndani: jisikilize, jitambue, kuwa wewe. Frankl anakwambia ukijitafuta sana ndani utajipoteza. Tazama nje, kuna mtu, kazi au jukumu linalokungoja wewe na si mwingine, na kujitimiza kutakuja nyuma yake bila kukimbizwa. Kwa sisi tuliolelewa katika nyumba ambazo jambo la mmoja ni la ukoo mzima, nadhani Frankl anasikika kama mtu wa nyumbani, na Perls ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Kumwambia binti wa Kizaramo au wa Kikuyu ajisimamie mwenyewe bila kumtazama shangazi wala mjomba ni rahisi kwenye zulia la California.

Tuwajaribu na jambo moja, ili muone kazi ikifanyika. Chukua kijana wa miaka kumi na minane. Alikosana na baba yake kuhusu masomo, wakanuniana miezi, na katikati ya kununa huko baba akafariki ghafla. Kijana halii. Amekuwa mkali kwa kila mtu, halali, na shule ameacha.

Kwa Rogers, atakaa na mtu asiyemharakisha. Kijana atasema: sijali, alikuwa na maneno yake na mimi yangu. Mtibu hatamwambia usiseme hivyo, marehemu hasemwi vibaya. Atasema labda: unasema hujali, na naisikia hasira ndani yake. Kimya. Kijana atasema: hasira gani, ameshakufa. Kimya tena. Huenda ikawa wiki tatu kabla hajasema lile linalomkaba, kwamba simu ya mwisho ya baba aliiona na hakuipokea. Watu huidhihaki njia hii kwamba ni ukasuku, kurudia tu anachosema mtu. Wakijaribu wenyewe wataona kazi ilivyo: kuubana ulimi usihukumu, usifariji upesi, usitoe hadithi yako.

Kwa Perls, mtibu ataleta kiti kitupu na kukiweka mbele ya kijana. Mbinu hii aliichukua kwa Jacob Moreno, daktari aliyetibu watu kwa maigizo, akaifanya yake. Atasema: baba yako amekaa pale, mwambie. Kijana ataona ni upuuzi, kisha ataanza kwa sauti ndogo, kisha sauti itapanda. Halafu ataambiwa ahamie kile kiti, awe baba, ajibu. Na mara nyingi hapo, mtu akisikia kinywa chake mwenyewe kikisema maneno ambayo baba angeyasema, ndipo machozi yanapotoka. Ni mbinu yenye nguvu, na kwa sababu hiyo si ya kuchezewa darasani wala na mtu aliyehudhuria semina ya wikendi.

Kwa Frankl, swali litageukia mbele. Baba alikuwa anataka nini kwako alipokuwa anagombana nawe? Kuna mdogo wako nyumbani anayekutazama sasa? Kosa la kutopokea simu huwezi kulifuta, lakini unaweza kuamua litakufanya mtu wa namna gani. Kijana mwingine swali hilo litamwinua. Mwingine, akiambiwa hivyo wiki ya kwanza ya msiba, atajisikia anahubiriwa, na hilo ndilo shaka langu kubwa juu ya njia hii: maana ikiletwa mapema na mtu mwingine hugeuka mahubiri.

Ukiniuliza mimi, mwanangu angekaa kwanza kwa Rogers, kisha, akishaaminiana na mtibu, aletewe kiti cha Perls, na Frankl aje mwisho. Wala sijabuni jipya. Mtaalamu mmoja aliyefundisha Toronto, Leslie Greenberg, pamoja na wenzake, walijenga tiba inayolenga hisia kwa kuunganisha upole wa Rogers na viti vya Perls, wakaipima kwa utafiti, na ilionyesha kuwasaidia watu wenye sonona. Kupima nako Rogers ndiye aliyetangulia: mwaka 1942 alichapisha maneno yote ya matibabu ya mtu mmoja, kikao kwa kikao, kutoka kwenye rekodi za sauti, wakati wenzake wengi walikuwa wakiamini mambo ya chumba kile hayapaswi kusikika nje. Alikubali pia kupimwa na kushindwa. Huko Wisconsin walijaribu njia yake kwa wagonjwa wa skizofrenia, na matokeo hayakuwa ya kujivunia. Kwa hiyo msimchukue mtu asikiaye sauti zisizokuwepo mkamwambia akaongee tu. Huyo anahitaji hospitali na dawa.

Na mambo haya hayakubaki ng'ambo. Mwaka 1982 Rogers, mzee wa miaka themanini, alikwenda Johannesburg kuwakalisha weusi na weupe chumba kimoja wasikilizane, wakati sheria za ubaguzi zingali hai. Mwaka 1987, mwaka aliofariki yeye, Noerine Kaleeba na wenzake walianzisha shirika la TASO nchini Uganda, baada ya mumewe kufa kwa UKIMWI, wakati ambapo wagonjwa walikuwa wakikimbiwa hata na ndugu. Kazi yao mojawapo kubwa ilikuwa unasihi: kukaa na mtu aliyeogopwa na kila mtu, kumsikiliza bila kumwuliza ameupata wapi. Ukienda leo katika kituo cha kupima virusi popote Afrika Mashariki, mnasihi mzuri atakupokea hivyo hivyo.

Sasa neno moja kwenu. Mkipata siku ya kumhitaji mtu wa namna hii, muulizeni amesomea wapi na amefanya kazi hiyo kwa muda gani. Si utovu wa adabu. Akitaka kuwatikisa kabla hajawasikiliza, ondokeni. Akiwaahidi kupona siku moja, ondokeni upesi zaidi. Na kama mko Tanzania, Kenya au Uganda na hamjui pa kuanzia, ipo namba ya simu ya kuwasaidia watoto, ambayo ni ileile katika nchi zote tatu: 116. Ni bure kupiga.